Mwangaza huponya, mwangaza huchoma

MTOTO aliyezaliwa juzi amelazwa chini ya taa ya buluu, amevuliwa nguo zote ila nepi, macho yamefunikwa kwa kitambaa. Mama yake anatazama kwa wasiwasi. Hakuna sindano wala dawa ya kumeza. Daktari amemwambia kuwa taa hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Katika jengo hilo hilo, mhudumu wa eksirei anampanga mgonjwa mbele ya mashine, kisha yeye mwenyewe anajificha nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza kitufe. Huko nje, kwenye karakana ya jua kali, mchomeaji vyuma anafanya kazi bila kinga ya uso. Usiku ataamka akilia kwamba macho yamejaa mchanga.

Watu hawa wote wamekutana na kitu kimoja: mwangaza. Je, ni kwa nini mmoja anaponywa, mwingine anaukimbia na wa tatu anaumizwa?

Wengi wetu hudhani kwamba tofauti ni ukali, yaani mwangaza mkali huumiza na hafifu hauna neno. Dhana hiyo imewapotosha wazazi, wafanyakazi na hata wagonjwa. Jambo la kwanza la kuuliza si mwangaza ni mwingi kiasi gani, bali ni wa aina gani.

VIPANDE VYA MWANGAZA

Kwa muda mrefu wataalamu walieleza kwamba mwangaza husafiri kama mawimbi, mfano wa yale ya bahari. Hilo bado ni kweli. Lakini mwaka wa 1900 Mjerumani Max Planck aligundua kwamba vitu vyenye joto hutoa nguvu kwa mafungu maalumu. Mwaka wa 1905 Albert Einstein, wakati huo akiwa mfanyakazi wa ofisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern, Uswisi, alikwenda mbele zaidi. Alisema kuwa mwangaza wenyewe huja kwa vipande vidogo mno. Vipande hivyo vilikuja kuitwa fotoni katika miaka ya 1920.

Kazi hiyo ndiyo iliyotajwa Einstein alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1921. Ilitegua kitendawili kilichowasumbua wengi. Ukimulika kipande cha zinki kwa mwangaza mwekundu, hata uwe mkali namna gani, hakuna elektroni itakayong'oka. Lakini mwangaza hafifu wa urujuanimno huzing'oa papo hapo.

Fikiria watoto walio chini ya mwembe. Wakirusha debe zima la maharagwe, embe halitaanguka. Jiwe moja lililolengwa vizuri litaliangusha. Wingi wa maharagwe hauchukui nafasi ya uzito wa jiwe. Fotoni nazo ni vivyo hivyo: kila moja hufanya kazi kwa nguvu yake, na zilizo dhaifu kwa kawaida hazichangiani kuangusha embe.

Nguvu ya fotoni huonekana katika rangi yake. Chini kabisa kuna mawimbi ya redio na ya simu, kisha yale ya maikrowevu, kisha miale ya infraredi ambayo ngozi huihisi kama joto. Juu yake ziko rangi za upinde wa mvua, kutoka nyekundu hadi urujuani. Baada ya hapo jicho halioni tena: kuna urujuanimno, eksirei na miale ya gama. Yote haya ni ukoo mmoja, na katika anga tupu yote husafiri kwa kasi ile ile ya karibu kilomita 300,000 kwa sekunde.

Tofauti ya nguvu ni kubwa ajabu. Fotoni ya urujuani ina nguvu karibu mara mbili ya ile ya nyekundu. Fotoni ya eksirei ya hospitali huizidi ile ya nyekundu kwa zaidi ya mara elfu kumi. Ile ya simu ya mkononi, nayo, ni dhaifu kuliko ya nyekundu kwa zaidi ya mara laki moja.

MANJANO YA MTOTO MCHANGA

Turudi kwa mtoto aliye chini ya taa. Karibu watoto 6 kati ya 10 wanaozaliwa baada ya kutimiza miezi yao, na 8 kati ya 10 wanaozaliwa kabla ya wakati, huingiwa na rangi ya manjano katika wiki ya kwanza. Hali hii isichanganywe na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa unaoletwa na mbu.

Mtoto huzaliwa akiwa na chembechembe nyingi nyekundu za damu, na zinapovunjika huacha taka ya rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Kwa mtu mzima, ini huigeuza taka hiyo ili iweze kuyeyuka kwenye maji na kutoka kwa njia ya choo. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, kwa hivyo bilirubini hurundikana katika damu na ngozi.

Kwa watoto wengi hali hiyo huisha yenyewe. Lakini ikizidi kiwango, bilirubini hupenya hadi kwenye ubongo. Mtoto anaweza kufa, au akapona akiwa kiziwi au mwenye mtindio wa ubongo maisha yake yote. Uharibifu huo haurudi nyuma, ilhali ungeweza kuzuiwa kwa taa.

Kitu huonekana cha manjano kwa sababu kinameza mwangaza wa buluu na kurudisha rangi nyingine. Bilirubini hufanya hivyo hivyo. Fotoni ya buluu inapopenya ngozi na kumezwa na molekuli ya bilirubini, molekuli hiyo hujipinda na kubadilika umbo. Umbo jipya huyeyuka kwenye maji, na mwili unaweza kulitoa kupitia nyongo na mkojo bila kungoja ini likomae. Ndiyo maana choo cha mtoto aliye chini ya taa mara nyingi huwa chepesi na cha kijani. Dawa inafanya kazi.

Fotoni za nyekundu haziwezi kazi hiyo, kwa sababu bilirubini haizimezi. Zile za urujuanimno nazo hazitakiwi, maana zingeunguza ngozi laini ya mtoto. Taa za hospitali huteuliwa ili zitoe buluu ya urefu wa wimbi wa karibu nanomita 460 hadi 490.

MUUGUZI ALIYETAZAMA VIZURI

Matibabu haya hayakuanzia kwenye maabara kubwa. Mwaka wa 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa nje watoto waliozaliwa kabla ya wakati ili wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa amefifia manjano mwili mzima, isipokuwa pembetatu moja iliyobaki na rangi kali. Pembetatu hiyo ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka.

Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano iliachwa juani kwenye kizingiti cha dirisha. Ilipopimwa, bilirubini ilikuwa imepungua sana. Daktari Richard Cremer na wenzake waliunganisha mambo hayo mawili, wakatengeneza kifaa cha taa za buluu na kuchapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka wa 1958.

JE, JUA LA ASUBUHI LATOSHA?

Hapa ndipo penye hatari kwa wazazi wa Kenya. Nyanya wengi humshauri mama amwoteshe mtoto jua la asubuhi ili manjano yaishe. Ushauri huo una chembe ya ukweli, kwa kuwa buluu imo katika jua. Lakini jua huileta pamoja na urujuanimno unaounguza na infraredi inayompandisha mtoto joto, na hakuna anayejua mtoto amepata kiasi gani cha buluu.

Mwaka wa 2015 watafiti walichapisha jaribio lililofanyiwa Lagos, Nigeria, ambapo jumla ya watoto 447 walishirikishwa. Baadhi yao walilazwa chini ya mahema ya karatasi maalumu za plastiki zilizozuia urujuanimno na sehemu kubwa ya infraredi, lakini zikapitisha buluu. Matokeo hayakuwa duni kuliko ya taa za kawaida. Lakini watoto hao walikuwa hospitalini, wakipimwa joto na bilirubini mara kwa mara. Hilo si sawa na kumweka mtoto mlangoni kwa dakika kumi na kutumaini mema.

Taa ya nyumbani yenye mwangaza wa manjano pia haifai, maana ina buluu kidogo. Hata balbu iliyopakwa rangi ya buluu haitoshi. Aina ikishakuwa sahihi, wingi nao huanza kuwa na maana, ndiyo sababu wauguzi huisogeza taa karibu na mtoto na kuacha sehemu kubwa ya ngozi wazi.

Mzazi azingatie mambo haya:

Manjano yakionekana katika saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa, mkimbize mtoto hospitali. Hiyo si hali ya kawaida.

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, manjano hujificha. Mtazame mchana karibu na dirisha. Angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Bonyeza ngozi ya pua au kifua kwa kidole, kisha uachilie na kutazama rangi. Viganja na nyayo zikiwa za manjano, hali imekuwa mbaya.

Mtoto anayekataa kunyonya, anayelala mno hata haamki, anayelia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida au anayejikunja mgongo kwa nyuma anahitaji daktari saa hiyo hiyo.

Mnyonyeshe mara nyingi, hata akiwa chini ya mpango wa taa. Maziwa husaidia kuitoa bilirubini kwa njia ya choo.

Usimfunike kwa nguo zilizohifadhiwa na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Dawa hiyo huweza kuvunja damu ya mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana katika maeneo ya malaria kama Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria.

Manjano yakizidi wiki mbili, hasa choo kikiwa cheupe, huenda tatizo liko kwenye ini au njia ya nyongo. Hapo taa haitasaidia.

JOTO LINAPOKUDANGANYA

Tukipanda ngazi ya nguvu kutoka buluu tunafika kwenye urujuanimno. Fotoni zake zina nguvu ya kuharibu DNA iliyo ndani ya seli za ngozi, na madhara yakirundikana kwa miaka huweza kuleta saratani.

Fotoni hizo hatuzihisi. Joto la jua kwenye ngozi hutokana na miale mingine, hasa infraredi. Kwa hivyo mtu wa Nairobi anaweza kutetemeka kwa baridi mwezi wa Julai chini ya mawingu mepesi, huku sehemu kubwa ya urujuanimno ikimfikia. Jiji hilo liko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa ya kuichuja miale hiyo inavyopungua.

Melanini, ile rangi inayofanya ngozi yetu kuwa nyeusi, huimeza miale hiyo kabla haijafika ndani. Watu wenye ulemavu wa ngozi, yaani ualbino, hawana kinga hiyo au wanayo kidogo. Kwao kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni dawa kamili, si urembo. Shule inayomlazimisha mwanafunzi wa aina hiyo kusimama juani kwenye gwaride bila kofia inamdhuru, hata kama siku ni ya baridi.

Urujuanimno una faida pia. Sehemu yake iitwayo UVB huisaidia ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo upungufu wake huwaletea watoto matege. Lakini kioo cha kawaida cha dirisha huizuia UVB. Mtoto anayefungiwa ndani ya nyumba siku nzima, hata akikaa penye mwangaza wa dirishani, hapati vitamini hiyo. Atolewe nje kwa muda mfupi, jua likiwa bado halijawa kali.

Yule mchomeaji vyuma naye ameunguzwa na urujuanimno. Cheche za umeme huutoa kwa wingi, nao huchoma ngozi nyembamba ya mbele ya jicho. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, wakati kazi imekwisha. Miwani ya giza ya barabarani haimfai. Kioo kikiwa cheusi tu bila kichujio cha urujuanimno, mboni hupanuka kwa sababu ya giza na kuiruhusu miale zaidi kuingia. Anahitaji kinga ya uso iliyotengenezewa kazi hiyo, na wapita njia, hasa watoto, wasisimame kutazama.

EKSIREI NA SIMU

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei nchini Ujerumani Novemba 1895, na mwaka wa 1901 akawa wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Fotoni zake zina nguvu ya kupita kwenye nyama, huku mifupa yenye kalisi ikizuia nyingi zaidi. Hivyo ndivyo picha hupatikana.

Nguvu hiyo hiyo huweza kung'oa elektroni katika seli. Lakini kiasi nacho kina maana. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa miale inayokaribia ile anayopata kwa siku 10 hivi kutoka kwenye mawe, hewa na anga. Skani ya CT ya kifua hufikia makumi ya mara ya kiasi hicho. Usikatae picha ambayo daktari ameona inahitajika, lakini usiidai bila sababu. Mama anayeshuku kuwa ni mja mzito aseme mapema. Mhudumu anajificha kwa sababu yeye hukutana na mashine hiyo kila siku.

Picha ya mtoto aliye tumboni ni jambo jingine kabisa. Ile hutengenezwa kwa sauti tusiyoweza kuisikia, haina eksirei ndani yake.

Na simu je? Fotoni zake ni yale maharagwe tuliyoyataja. Hazina nguvu ya kuvunja DNA moja kwa moja, na athari yake inayojulikana ni kupasha mwili joto kidogo. Mwaka wa 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaweka mawimbi ya aina hiyo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, likisema ushahidi uliokuwepo ulikuwa mchache. Anayeyalinganisha na eksirei anakosea.

KIPIMO KWENYE KIDOLE

Mwangaza hutumika pia kupima. Kile kibanio kinachowekwa kwenye kidole cha mgonjwa, ambacho wengi walikifahamu wakati wa janga la Covid-19, huitwa oksimita. Chimbuko lake ni kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970.

Kibanio hicho hutuma mwangaza wa aina mbili kidoleni: nyekundu na infraredi. Damu yenye oksijeni ya kutosha humeza nyekundu kidogo, ilhali damu iliyopungukiwa huimeza kwa wingi. Mashine hulinganisha kinachopita upande wa pili, kisha hutoa asilimia.

Lakini melanini nayo humeza mwangaza. Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ambao kifaa hicho hakikuugundua ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kwa nchi kama yetu hilo si jambo la kupuuza. Mgonjwa akihema kwa shida, au midomo ikibadilika rangi, asirudishwe nyumbani kwa sababu tu kibanio kimesema yuko sawa. Rangi ya kucha nayo ifutwe kabla ya kupimwa.

ULIZA KABLA YA KULIPA

Siku hizi kuna taa za kila namna zinazouzwa madukani na mitandaoni kwa madai ya kuponya ngozi, maumivu ya viungo, hata kisukari. Baadhi ya tiba za mwangaza ni za kweli, kama zile za watoto wenye manjano na za magonjwa fulani ya ngozi. Nyingine ni biashara tupu.

Kabla ya kutoa pesa, uliza maswali matatu. Mwangaza huo ni wa aina gani? Ni kitu gani mwilini kinachoumeza? Nani amepima kiasi ninachopaswa kupata? Muuzaji akikujibu tu kwamba taa yake ni kali sana, mfunge mfuko wako na uende ukamwone daktari.